Mazuku na Mwanga Usioonekana



Kuna neno moja la Kiswahili ambalo wataalamu wa volkano wa Italia, Ubelgiji na Marekani huliandika kama lilivyo, bila kulitafsiri. Neno hilo ni mazuku. Linatoka Goma, mashariki mwa Kongo, kandokando ya Ziwa Kivu, chini ya mlima Nyiragongo. Ni mahali pa bondeni, pengine shimo tu katikati ya mawe meusi ya lava, ambapo mbuzi huingia akaanguka, mbwa akamfuata akaanguka, na mtoto aliyetumwa kuwarudisha naye asirudi. Hakuna moshi. Hakuna harufu ya kumshtua mtu. Alfajiri, upepo ukiwa umelala, ndipo mahali hapo panapoua zaidi. Jua likishapanda na upepo ukaanza kutembea, watu huweza kupita hapohapo wasipate dhara.

Kinachoua ni hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, inayopenya kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa za miamba. Uzito wake ni mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama bondeni kama maji. Nje ya ukumbi huu hewa ukaa ni sehemu zaidi kidogo ya 420 katika kila sehemu milioni. Ikifika sehemu laki moja katika milioni, ndiyo asilimia 10, mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache. Ndani ya mazuku hupita kiwango hicho kwa mbali.

Jioni hii nataka tuzungumze jinsi ya kuihesabu gesi ambayo jicho halioni na pua haisikii. Nina hoja moja. Fizikia ya kazi hii inajulikana tangu zamani, na taa iliyokuwa ikikosekana ilipatikana mwaka 1994. Kilichobaki ni sisi kuipima hewa yetu, kwa sababu hadi leo namba nyingi zinazotajwa kuhusu ng'ombe wetu, vinamasi vyetu na milima yetu ya moto zilikadiriwa na watu ambao hawakuwahi kuja kupima.

Mazuku ni kisa cha gesi iliyojaa. Ugumu uko kwa gesi iliyo haba. Methani hewani leo ni sehemu 1.9 hivi katika milioni. Nitrasi oksidi, gesi inayotoka kwenye mbolea na samadi, ni sehemu 340 hivi katika bilioni. Ni haba, lakini zina nguvu: kwa hesabu ya miaka 100, kilo moja ya methani huipasha dunia joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa, na kilo moja ya nitrasi oksidi kama kilo 270 hivi. Mpimaji anayetaka kujua kama boma fulani au bomba fulani linatoa gesi hizi lazima atambue mabadiliko ya sehemu moja au mbili katika bilioni.

Sehemu moja katika bilioni ni kiasi gani? Kila aliyewahi kukaa na ungo mapajani akichagua mchele anaijua chuya, ile punje moja iliyobaki na ganda lake. Punje ya mchele ina uzito wa miligramu 20 hivi. Punje bilioni moja ni tani 20, yaani magunia 200 ya kilo mia mia, shehena ya lori zima. Sehemu moja katika bilioni ni chuya moja ndani ya lori hilo. Vyombo nitakavyovieleza huitafuta chuya hiyo bila kumwaga mchele, kwa muda wa sekunde, na hutaja kama iko moja au ziko mbili.

Sasa tuje kwenye mwanga. Ukikaa pembeni ya jiko la mkaa na kulinyooshea kiganja, unahisi joto hata kama hewa kati yako na jiko ni ya baridi. Joto hilo limesafiri kama mwanga, ila ni mwanga ambao jicho halikuumbwa kuuona. William Herschel aliugundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu ya upinde wa mwanga, mahali palipoonekana hapana kitu, zebaki ikapanda. Tunauita infraredi. Mwanga tunaouona una urefu wa wimbi kati ya mikromita 0.4 na 0.7. Sehemu ninayoizungumzia leo, infraredi ya kati, inaanzia karibu na mikromita 3 na kuendelea hadi ishirini na kitu. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita 70 au zaidi, mpate picha.

Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanamke wa Kimarekani, aliweka gesi mbalimbali ndani ya mitungi ya kioo juani na kuona kwamba ule wa hewa ukaa ulipata joto kuliko wenzake. Miaka mitatu baadaye John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, alianza kazi yake katika Royal Institution jijini London. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu meza ya Tyndall ndiyo babu wa vyombo vyote vya leo. Alikuwa na bomba la shaba nyeupe lenye urefu wa zaidi ya mita moja. Upande mmoja aliweka chombo cha maji yanayochemka, ndiyo taa yake. Upande wa pili aliweka kipimajoto cha umeme chenye uwezo wa kuhisi joto dogo mno. Ncha mbili za bomba zilihitaji kuzibwa ili gesi isitoke, lakini kioo cha kawaida huumeza mwanga huu. Ungezuiwa na dirisha kabla haujaifikia gesi. Basi Tyndall alitumia vibao vya chumvi. Chumvi ya mawe, hii hii ya kupikia, ikichongwa na kusuguliwa hadi ing'are, huupitisha mwanga wa infraredi bila taabu.

Alijaza bomba lile hewa kavu, mwanga ukapita karibu wote. Akajaza oksijeni, vilevile. Nitrojeni, vilevile. Alipoingiza mvuke wa maji, hewa ukaa na gesi nyingine za namna hiyo, mshale wa chombo ulisogea: mwanga ulikuwa unamezwa njiani. Gesi zote hizo machoni ni sawasawa, hazina rangi. Katika infraredi zina rangi, na baadhi yake ni nzito kama wino.

Kwa nini? Molekuli haijakaa kimya. Hewa ukaa ina kaboni katikati na oksijeni moja kila upande, zimeshikana kama watu watatu walioshikana mikono, na mikono yenyewe ni kama chemchemi. Hutikisika. Tikisiko moja la molekuli hii, lile la kaboni kwenda kushoto huku oksijeni zikienda kulia, hujirudia mara trilioni 70 kwa sekunde. Mwanga wenye mapigo hayohayo una urefu wa wimbi wa mikromita 4.26. Vikikutana, molekuli humeza mwanga huo. Ni kama kusukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, hata kwa kidole, bembea inapaa, ukisukuma ovyo, hata kwa nguvu zako zote, unaivuruga tu.

Kila gesi ina mwendo wake. Methani, yenye hidrojeni nyepesi, hutikisika haraka zaidi na hukamata mwanga wa mikromita 3.3. Nitrasi oksidi ni 4.5. Kaboni monoksidi, ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, ni karibu na 4.7. Na hizo namba ni za jumla tu. Kwa karibu, kila moja hugawanyika kuwa mistari kadhaa myembamba, kwa sababu molekuli hutikisika na papo hapo inazunguka. Mistari hiyo ndiyo alama ya dole gumba ya gesi. Hakuna gesi mbili zenye mistari inayofanana.

Nitrojeni na oksijeni, ambazo pamoja ni asilimia 99 ya hewa kavu, zina atomu mbili zilizo sawa kabisa. Zikitikisika, chaji zake za umeme haziegemei upande wowote, na mwanga haupati pa kushika. Hii ni neema kubwa ambayo sisi wapimaji hatuitaji mara za kutosha. Lau nitrojeni ingemeza infraredi, lori lote la mchele lingekuwa jeusi na chuya isingeonekana. Kwa sababu hiyo hiyo njia hii ina mipaka yake: heliamu iliyotangazwa kupatikana bonde la Rukwa, hapa Tanzania, mwaka 2016 haiwezi kuonekana hivi. Atomu iliyo peke yake haina mwenzake wa kutikisika naye.

Mtu ataniuliza: leza ilitengenezwa na Theodore Maiman mwaka 1960, na leza za simu na intaneti zinauzwa kila mahali, kwa nini mnahangaika na infraredi ya kati? Ni kwa sababu leza za intaneti ziko kwenye infraredi ya karibu, mikromita moja na nusu hivi. Methani inaonekana huko pia, kwenye mikromita 1.65, lakini huo ni mwangwi wa tikisiko lenyewe. Hapo humeza mwanga kwa udhaifu wa takriban mara mia kuliko pale penye 3.3. Kwa hewa ukaa tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Anayepima kwenye infraredi ya karibu anasikiliza mwangwi. Anayepima kwenye infraredi ya kati anasikiliza ngoma yenyewe.

Tatizo lilikuwa taa. Kwa miaka mingi leza pekee ndogo zilizofika huko zilitengenezwa kwa chumvi za risasi, na zilikuwa zimedeka kama mayai: hazikufanya kazi mpaka zipozwe kwa nitrojeni ya maji, chini ya nyuzi 190 za baridi. Nchini mwetu wanaoijua vizuri nitrojeni hiyo ni maafisa wa uhimilishaji, wanaozunguka vijijini kwa pikipiki na mtungi wa mbegu za madume. Waulizeni ilivyo kazi kuhakikisha mtungi haukauki. Sasa fikirieni kuupandisha mlimani kila siku kwa ajili ya leza moja.

Mwaka 1971 Warusi wawili, Rudolf Kazarinov na Robert Suris, waliandika wazo la leza ya namna nyingine kabisa. Katika leza ya kawaida, rangi ya mwanga huamuliwa na madini yaliyotumika, na madini hatuyachagui, tumeyakuta. Wao walisema: tupange tabaka nyembamba za madini mawili, moja juu ya nyingine, kila tabaka na unene wa atomu chache, elektroni ikipita humo itakuta ngazi tuliyoijenga sisi wenyewe, na kimo cha kila kidato kitaamuliwa na unene wa tabaka. Elektroni ikishuka kidato, inatoa chembe moja ya mwanga. Unataka mwanga wa methani? Jenga vidato vya kimo hicho. Unataka wa nitrasi oksidi? Vipunguze kidogo.

Wazo lilikaa miaka 23 likisubiri mikono ya kulitekeleza. Mikono hiyo ilikuwa ya maabara ya Bell Labs, New Jersey, ambako Alfred Cho alikuwa amebuni ufundi wa kupanga atomu tabaka kwa tabaka ndani ya chombo kisicho na hewa. Mwaka 1994 Jérôme Faist, Federico Capasso, Cho na wenzao walitangaza leza ya kwanza ya maporomoko ya kwanta. Iliangaza kwenye mikromita 4.2 hivi, na ilikuwa na vidato 25 vilivyofuatana, kiasi kwamba elektroni moja iliweza kutoa mwanga ikaendelea chini na kutoa mwingine, na mwingine, kama maji yanayosaga mahindi kwenye vinu vingi vya mto mmoja. Ile ya kwanza nayo ilihitaji baridi kali. Kufikia mwaka 2002 zilikuwepo zilizowaka mfululizo kwenye joto la chumba. Mtungi wa nitrojeni ukawekwa kando.

Chombo chenyewe basi kikoje? Kwa kweli ni bomba la Tyndall lililokunjwa. Hewa huvutwa ndani ya kisanduku chenye vioo viwili vinavyotazamana, na mwanga wa leza hupigwa kwa pembe maalumu ili uruke kutoka kioo hadi kioo mara nyingi kabla ya kutoka. Mpango huu wa vioo unaitwa kwa jina la Donald Herriott, aliyeuchapisha na wenzake mwaka 1964. Vipo visanduku unavyoweza kuvibeba kwapani ambamo mwanga husafiri mita 76. Pampu hupunguza kanieneo ya hewa ndani, kwa sababu molekuli zikisongamana hugongana, na kila mgongano huuchafua mstari wake na kuufanya mpana, mpaka mstari wa gesi moja unapanda juu ya wa jirani. Zikipewa nafasi, mistari hubaki myembamba, kila mmoja peke yake. Leza nayo haikai mahali pamoja: rangi yake husogezwa mbele na nyuma juu ya mstari huo, mara maelfu kwa sekunde. Mwanga hupungua kila leza inapopita juu ya mstari na hurudi leza inapoachana nao, na kiasi cha kupungua kwake ndicho hesabu ya gesi.

Sasa nataka niwaonyesheni kitu. Hii hapa mezani ni saa ya ukutani iliyokufa. Nimefungua mgongo wake. Hiki kimkebe cha bati, kikubwa kuzidi punje ya mchele kidogo tu, ndicho moyo wake. Nimekikata ncha kwa kisu kidogo, na ndani, mkiwa na lenzi mtauona, kuna uma wa kwatzi wenye meno mawili, urefu wake milimita chache, na nafasi kati ya meno haifiki nusu milimita. Uma huu hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Gawa namba hiyo kwa mbili mara kumi na tano, utapata moja: ndiyo sekunde inayosogeza mshale ukutani kwako. Ni kifaa cha bei ya pipi.

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell aligundua kwamba ukimulika kitu kwa mwanga unaokatika-katika, hutoa sauti. Sababu ni nyepesi: kikimeza mwanga kinapata joto na kutanuka, mwanga ukikatika kinapoa na kusinyaa, na kutanuka na kusinyaa ndiko sauti. Gesi nayo hufanya hivyo. Mwaka 2002 kundi la Frank Tittel, Chuo Kikuu cha Rice, Houston, lilichapisha jambo ambalo mimi kila nikilifikiria nafurahi upya: walichukua uma wa saa kama huu, wakapitisha leza katikati ya meno yake mawili, na wakaikata leza kwa mapigo ya uma wenyewe. Gesi inayotafutwa ikiwepo, humeza mwanga, huimba kwa sauti ile ile ambayo uma umezaliwa nayo, na meno huanza kutetemeka. Gesi isipokuwepo, uma hutulia. Makelele ya barabarani hayausumbui, kwa kuwa sauti zake ziko nje ya mapigo hayo. Sikio la kuisikia gesi liko ndani ya saa iliyotupwa jalalani.

Mahali pa mbali kuliko kote ambako leza ya infraredi ya kati imepima gesi ni sayari ya Mars. Gari la Curiosity lilitua huko Agosti 2012 likiwa na chombo kinachosoma methani kwenye mikromita 3.27, kwa leza iliyo jamaa ya hii niliyoieleza. Limekuta methani ya chini ya sehemu moja katika bilioni kwa kawaida, na mwezi Juni 2019 likakuta 21. Lakini chombo kinachoizunguka sayari hiyo hakijaiona methani hiyo kabisa. Ubishi haujaisha. Nautaja kwa sababu unaonyesha kazi hii ikoje: ukishaweza kuona kidogo hivi, swali linalofuata ni kama ulichokiona ni cha sayari au ni cha chombo chako.

Tukirudi nyumbani, hospitalini wapo watakaokuwa wamepimwa vidonda vya tumbo kwa pumzi. Mgonjwa hunywa urea iliyotiwa kaboni nzito, ile ya kumi na tatu. Bakteria wa vidonda wakiwepo tumboni, huivunja, na kaboni nzito hutoka na pumzi kama hewa ukaa. Kaboni nzito hutikisika taratibu zaidi, mstari wake husogea, na infraredi hubainisha. Ujanja huohuo ndio unaomwambia mtafiti wa volkano kama hewa ukaa aliyoikuta bondeni imetoka kwenye magma au kwenye majani yaliyooza. Na huko Ifakara, watafiti wetu pamoja na wenzao wa Glasgow wamemulika mbu wakavu kwa infraredi ya kati, bila leza, ili kujua aina na umri wake. Hilo linastahili mhadhara wake.

Nataka nikae zaidi kwenye kinachotuhusu.

Ziwa Kivu lina hewa ukaa inayokadiriwa kilomita za ujazo 300 na methani kilomita za ujazo 60, zote zimeyeyuka majini chini kabisa, zimekandamizwa na uzito wa maji. Upande wa Rwanda methani hiyo inavunwa kuzalisha umeme. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa dogo la Nyos, Kameruni, liliachia hewa ukaa yake usiku na kuua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa kuliko Nyos kwa mbali sana, na kandokando yake wanaishi mamilioni. Anayesema kupima gesi ni anasa ya wazungu akasimame ufukweni Goma na kuwaambia wenyeji.

Kisha maboma. Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kuna kituo kinachoitwa Mazingira. Kwa miaka mingi, gesi zinazotoka kwenye mifugo ya Afrika zilihesabiwa kwa viwango vya jumla vya mwongozo wa kimataifa. Watafiti wa kituo hicho walipopima kinyesi na mkojo wa ng'ombe kwenye nyasi za Kenya, wakachapisha mwaka 2016, walikuta nitrasi oksidi ni chini kuliko mwongozo ulivyodai. Mfugaji wetu alikuwa anabebeshwa deni lisilo lake. Lakini mwaka 2020 walichapisha jambo la upande mwingine: mahali palipokuwa na boma, samadi ikiwa imelundikana kwa miaka, huendelea kutoa nitrasi oksidi kwa wingi hata miaka 40 baada ya wafugaji kuhama. Hakuna aliyekuwa anaihesabu. Tazameni namba zinavyofanya: moja inatutetea, ya pili inatudai, na zote mbili hazingejulikana bila mtu kwenda kuchutama kwenye boma na chombo chake.

Vinamasi vivyo hivyo. Tangu mwaka 2007 methani ya dunia imekuwa ikipanda, na kaboni yake inazidi kuwa nyepesi, dalili kwamba sehemu kubwa ya ongezeko inatoka kwenye viumbe hai, vinamasi na mifugo, zaidi ya visima vya gesi. Setilaiti zilionyesha kwamba mvua kubwa za Afrika Mashariki za mwaka 2018 na 2019 zilifuatiwa na methani nyingi, hasa kutoka vinamasi vya Sudd, Sudani Kusini, vinavyolishwa na maji yanayoteremka kutoka Ziwa Victoria. Setilaiti inatazama kutoka juu sana, na mawingu yetu mengi huiziba. Vituo vya ardhini vya kuihakikisha unaweza kuvihesabu kwa vidole. Kipo cha Mlima Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1999, kwenye kimo cha mita 3,678. Kipo cha mlima Mugogo, Rwanda, kinachotumia leza za infraredi ya karibu, kazi ya Rwanda na MIT. Mmoja wa wanasayansi wake, Jimmy Gasore, ndiye aliyeteuliwa kuwa Waziri wa Miundombinu wa nchi hiyo mwaka 2023. Na sisi tunaochimba gesi asilia Songo Songo tangu mwaka 2004, tunaoisafirisha kwa mabomba hadi Dar es Salaam, tuna kila sababu ya kutaka kujua kinachovuja njiani.

Sitawaficha ugumu. Chombo kizuri cha namna hii kinagharimu makumi ya maelfu ya dola, na kuendelea. Umeme ukikatika, vioo hupoa, vikipata joto tena husogea, na siku nzima ya vipimo hupotea. Hewa ya pwani imejaa mvuke wa maji, na maji humeza infraredi kwa uchu, kwa hiyo mstari wa kupimia lazima uchaguliwe mahali ambapo maji yameacha upenyo. Kubwa kuliko yote ni mtungi wa gesi ya kulinganishia. Chombo bila mtungi wenye gesi ya kiwango kinachojulikana ni kama mizani isiyo na mawe ya kupimia: itakupa namba, na namba hiyo haitakuwa na maana kwa mtu wa pili. Nimewahi kuona chombo cha bei kubwa kimefunikwa kitambaa kwenye kona ya maabara, kizima kabisa, kwa sababu mtungi uliisha na hakuna aliyetenga fedha za mwingine. Wafadhili hununua vyombo. Mitungi lazima tuinunue wenyewe, kila mwaka, na iwe kwenye bajeti kama karatasi na wino.

Ninachowaomba wakuu wa vyuo waliopo hapa ni hicho tu: mtungi, umeme wa akiba, na mshahara wa fundi mmoja asiyehamishwa. Ninachowaomba wanafunzi ni kidogo zaidi. Uma huu nauacha hapa mezani pamoja na lenzi. Msiuguse kwa vidole, kwa sababu mafuta ya kidole yanatosha kuubadili mwendo. Leza ya kuupitisha mwanga katikati ya meno yake iko maabara. Atakayetaka kujaribu aje kesho saa nane mchana, na aje na saa yake mbovu.